Mafundo ya Mkonge Katika Nyaya za Gari Jeusi

Baba yangu aliitwa Mhina na mama yangu aliitwa Mwantumu. Nilizaliwa Kerenge, upande wa Korogwe, katika nyumba ya udongo iliyotazamana na shamba la mahindi. Shule sikwenda. Ndugu zangu wa kiume walipelekwa kwa mwalimu, mimi nikabaki na ndoo ya maji na wadogo zangu mgongoni. Nayasema haya ili atakayesoma ajue kwamba mkono ulioandika ni wa mjukuu wangu, na kinywa ni changu. Andika kama ninavyosema, wala usinipambe.

Kuhusu mimi hayo yanatosha. Ninayetaka kumweleza ni mtu ambaye ukoo wake sikuuliza na mahali alipozaliwa hakupataja. Tulimwita Fundi. Walikuwapo mafundi wengine, wa cherehani na wa kupaua nyumba, lakini mtu akisema Fundi bila kuongeza neno, kijiji kizima kilijua anasemwa nani.

Ndoa ilinileta Handeni. Tulipoambiwa tuhame makwetu tukakae pamoja katika kijiji cha ujamaa, nilihama na mume wangu, mbuzi wetu, na kazi yangu ya ukunga, ambayo nilirithi kwa bibi yangu. Muda si mrefu kijiji kikaletewa gari. Lilikuwa gari jeusi lenye pua ndefu, kuukuu hata wakati huo, lililokuwa mali ya Mzungu mmoja wa mkonge kule Mazinde. Mashamba yalipochukuliwa na serikali mwenyewe aliondoka, gari likabaki bandani, hatimaye likatolewa kwetu libebe wagonjwa. Fundi alikuja nalo. Alikuwa amelihudumia miaka yote ya yule Mzungu, na waliotuletea walimhesabu kuwa sehemu yake, kama vile jeki na gurudumu la akiba.

Hospitali iliyokuwa karibu nasi ilikuwa Korogwe. Mzazi aliyenishinda mikononi hakuwa na tegemeo jingine ila gari lile, na gari lile halikuwa na tegemeo jingine ila Fundi. Hilo ndilo nililoliweka moyoni tangu mwanzo, na ndilo lililonifanya nimtazame mtu yule kwa makini kuliko nilivyowatazama wanaume wengi.

Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini. Hakupenda haraka ya watu. Gari lilipozima, wanaume walikimbilia kulifungua na kila mmoja akatoa ushauri, mmoja akisema mafuta, mwingine akisema joto, wa tatu akitaka lisukumwe. Fundi aliketi kwanza kwenye jiwe. Kisha alimwita mwendeshaji wa gari, ambaye naye tulimwita Dereva tu, akamwuliza swali lake la siku zote.

"Lilizimaje?"

"Limezima tu, Fundi."

"Kuzima tu hakuna. Lilikohoa kwanza, au lilikatika ghafla kama taa iliyopulizwa?"

"Lilikatika."

"Basi ni umeme. Lingekohoa ningetafuta mafuta. Kaa pembeni."

Swali lile nililielewa kuliko wanaume wote waliosimama pale, kwa maana mimi nami simgusi mzazi kabla ya kumwuliza uchungu ulianzaje. Baada ya hapo alikwenda kwa utaratibu ambao hakuubadilisha hata siku moja. Aliwasha taa za mbele. Zikiwaka vizuri, alijua betri ni nzima. Halafu alichukua kibalbu chake chenye nyaya mbili, akakigusisha huku na huku, akiufuata umeme kutoka kwenye betri hadi kwenye swichi ya ufunguo, kutoka swichi hadi kwenye koili, yaani kile kikopo kinachoukuza umeme, na kutoka koili hadi kwenye platini, vile vidomo viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana ili cheche ipatikane. Pale kibalbu kilipokataa kuwaka, hapo ndipo palipokuwa na ugonjwa. "Umeme haupotei njiani kwa hiari yake," alisema. "Kuna mahali umezuiwa, au kuna mahali umeibwa."

Platini alizisugua kwa ubavu wa kiberiti. Ilikuwa miaka ambayo kiberiti, sabuni na sukari vilipatikana dukani siku vilipojisikia, nasi akina mama tulizibana njiti kama dhahabu. Yeye alikuja mlangoni na kuomba ganda.

"Fundi, ukishausugua ubavu wote nitawashia wapi moto?"

"Kwangu, mama. Gari likiwaka nalo ni moto."

"Nitapikia ugali juu ya boneti?"

"Pika. Ila usimwage maji kwenye koili, sina nyingine."

Alikuwa mtu wa kinyume na nafsi yake. Alikemea waganga mchana kutwa, na Handeni waganga hawakosekani, lakini hakuondoka safarini bila kumwaga maji kidogo mbele ya gurudumu la kushoto. Nilipomwuliza alisema anatuliza vumbi. Alidai kwamba gari la wagonjwa si la kupandwa ovyo, akamfukuza hata Mwenyekiti wa kijiji aliyetaka kupelekwa mnadani. Lakini kuku wake wawili walitagia kiti cha nyuma, nami mara nyingi niliondoa mayai kabla ya kumlaza mzazi. Aliogopa uzazi kuliko mwanamume yeyote niliyemjua. Tukiwa njiani na mama amekazana, Fundi alitazama nje ya dirisha muda wote, shingo imekakamaa. Hata hivyo hakuwahi kukataa kwenda. Gari lile bila yeye halikufika popote.

Sokoni alikuwa kichekesho. Hakununua nyanya mpaka ameibonyeza na kuinusa, moja baada ya moja, na wauzaji walimchoka. Dada mmoja alimwambia, "Fundi, unachagua nyanya au unachagua mchumba? Si unaona hii ni mbivu na hii ni mbichi?" Alijibu kwamba macho hudanganywa. Tulicheka, tukaliona kuwa ni tabia ya mtu aliyezeeka bila mke. Mke wake, nilikuja kujua baadaye, alifariki akimwacha na binti mmoja aliyelelewa na shangazi yake Korogwe.

Sasa nifike kwenye nyuzi.

Gari lilipotufikia, nyaya zake za asili zilikuwa zimechakaa. Fundi alizibadilisha kidogo kidogo kwa waya wowote alioupata. Na kila waya aliufunga uzi wa mkonge: waya wa kutoka betri uzi wenye fundo moja, waya wa kwenda koili mafundo mawili, wa taa matatu, na kuendelea. Tena, pale nyaya zinapopenya kwenye tundu la bati kutoka kwenye injini kuingia chini ya usukani, alizizungushia mkonge mnene kama bandeji.

Mjukuu wangu, wewe umesoma na utaona ni alama tu. Sisi tuliona hirizi. Mtu wa Handeni akiona uzi wenye mafundo umefungwa mahali pa siri, hahitaji kuelezwa. Ilienea kwamba gari jeusi limezindikwa, kwamba ndiyo sababu halijamwua mzazi hata mmoja njiani. Wanawake walipokuwa wakiingizwa garini waliomba boneti ifunguliwe wauguse uzi. Na Fundi, yule aliyewatukana waganga, alifungua boneti, akanyamaza. Kimya chake kilikuwa na faida: katika miaka ambayo waya uliibwa hata kwenye baiskeli, hakuna aliyethubutu kugusa waya wa gari lile.

Ndipo likaja jambo la wageni. Tuliambiwa wakubwa watakuja kukiangalia kijiji chetu, na gari litakuwa miongoni mwa mambo ya kuonyeshwa. Mwenyekiti alikuwa mtu mwadilifu, mchapakazi, na kwa ushirikina hakuwa na huruma. Alitafuta waya mpya, wa rangi rangi, akauleta mwenyewe kutoka mjini. Aliita vijana, akafungua boneti mbele ya watu.

"Kijiji cha ujamaa hakiwezi kubeba wagonjwa kwa hirizi. Fundi, weka waya mpya, na hizi takataka zitoke."

"Mwenyekiti, hizi si hirizi."

"Ni nini?"

Fundi alifungua kinywa. Nilikuwa nimesimama karibu, nikaona jibu limefika ulimini. Kisha akalimeza.

"Ni nyuzi tu," alisema.

"Kama ni nyuzi tu, hutazikosa."

Aliweka waya mpya, siku nzima, peke yake. Vijana walikata mkonge wote, hata ule mnene wa kwenye tundu la bati. Wageni walikuja, wakalisifu gari, wakaenda zao.

Mvua zilipokaribia, alikuja kwangu mwanamke wa jirani ambaye mtoto wake alikuwa amelala vibaya tumboni. Nilijitahidi tangu alfajiri, nikaona sitamweza. Tulimlaza garini. Dereva, Fundi na mimi tukaishika njia ya Korogwe. Jua lilikuwa kali. Tulikuwa bado mbali, mahali pasipo na nyumba, gari lilipokatika ghafla, na moshi wa kunuka ukatoka chini ya usukani.

Safari ile Fundi hakuuliza swali. Alirukia betri akaitenganisha, kisha akafungua boneti. Lile bati, likiwa halina mkonge wa kulizuia, lilikuwa limelila ganda la waya, waya ukagusa chuma, ukapiga shoti. Nyaya zilizopita pamoja zilikuwa zimeshikana kwa kuyeyuka. Alizikata, akazichambua, akabaki na ncha kadhaa upande wa injini na ncha kadhaa upande wa usukani, zikisubiri kuunganishwa. Dereva alikuwa amekwenda mbele kutafuta watu wa kusukuma. Mzazi alilia, kisha akaacha kulia, na kuacha kwake kulinitisha zaidi.

"Fundi, unganisha twende."

Alikuwa ameshika nyaya mbili, akizigeuza geuza juani, kama alivyozigeuza nyanya.

"Fundi!"

"Mama mkunga, njoo hapa." Aliinua waya mmoja. "Huu uliofungwa kwenye koili una rangi gani?"

Nilidhani ameshikwa na jua. "Mwekundu."

"Na huu?"

"Wa kijani. Kwani huoni?"

"Kwangu ni mmoja. Damu na majani kwangu ni kitu kimoja, tangu utotoni. Nikikosea nikaunganisha wa betri na usio wake, zitawaka moto na mgonjwa yumo ndani. Naweza kupima mmoja mmoja kwa kibalbu, lakini muda sina. Mafundo yangu wameyakata. Nisomee."

Mimi, ambaye hakuna aliyewahi kuniambia nisome chochote, niliinama chini ya usukani nikamsomea. Mwekundu na mwekundu. Kijani na kijani. Wa kahawia uweke kando. Alizisokota ncha, akazifunga kwa kitambaa alichochana kwenye shati lake, akarudisha betri. Alizungusha hendeli ya kuwashia injini. Gari likawaka, akaliendesha mwenyewe mpaka tulipomkuta Dereva njiani.

Korogwe tulifika. Mama alipasuliwa, akapona, na mtoto akapona. Sisi wawili tuliketi nje ya wodi, ukutani. Nilikuwa na damu kwenye khanga na yeye alikuwa na masizi mpaka kwenye nyusi.

"Umeshajua," alisema hatimaye.

"Nimejua."

"Wakijua, gari watampa mtu mwenye macho. Mimi nitapewa jembe."

"Mwenye macho ndiye aliyekata mkonge."

Hakucheka. "Mama, sikuombi uongo. Nakuomba unyamaze."

Sikumwahidi. Mimi si mtu wa kuahidi ahadi ukutani. Lakini njiani kurudi nilifikiri, na nilichofikiri hakikuwa huruma. Nilifikiri juu ya wanawake waliokuwa na mimba kijijini. Nilifikiri kwamba mtu mwenye macho angekuja na macho yake, na siku gari litakapokatika porini angesimama kulitazama.

Kikao kiliitwa. Mwenyekiti aliuliza kilichotokea, Dereva akaeleza moshi na shoti. Nikasimama.

"Zile nyuzi zirudi."

"Nyuzi zipi, mama?"

"Za mkonge. Zirudi zote, na ule mnene wa kwenye bati."

"Kwa sababu gani?"

Fundi alikuwa ameketi nyuma, ameinamisha kichwa. Kama ningesema kuwa ni alama, angeulizwa kwa nini fundi wa miaka yote anahitaji alama kwenye nyaya zenye rangi. Nikasema, "Kwa sababu ni zangu. Mimi ndiye niliyemwambia azifunge. Mzazi akiziona moyo wake hutulia, na moyo ukitulia mtoto hushuka."

Wanaume waliguna. Mwenyekiti alinitazama kwa masikitiko ya kweli.

"Mama, wewe! Mtu tunayemtegemea!"

"Mimi."

"Huoni aibu?"

"Nitaiona gari likishafungwa nyuzi."

Akina mama waliokuwa nyuma wakapaza sauti, mmoja akisema hapandi gari lisilo na uzi, mwingine akisema heri azalie shambani. Kikao kikavurugika. Mwenyekiti akaona ugomvi huo haumpi faida, akaruhusu. Fundi alifunga mafundo yake upya, safari hii kwa mkonge uliosukwa vizuri zaidi, na gari likaendelea kwenda Korogwe na kurudi kwa miaka mingine, hadi injini yenyewe ilipochoka.

Wakati ule wakunga wa vijiji walikuwa wakichaguliwa kwenda kufundishwa katika hospitali ya wilaya: kusoma kidogo, kuandika kidogo, kuzijua dawa. Jina langu lilikuwa la kwanza kutajwa. Baada ya kikao kile likaondolewa. Mwenyekiti alikuja kunieleza mwenyewe, kwa adabu, kwamba mkunga mwenye mambo ya hirizi hawezi kukiwakilisha kijiji. Nilimkaribisha uji. Akanywa, akaondoka. Alikwenda mwenzangu mwingine, akarudi akijua kuandika jina lake, na mimi niliendelea kukata vitovu kama nilivyofundishwa na bibi yangu. Fundi alizisikia habari hizo, kama kila mtu. Akipita mbele ya nyumba yangu alisalimia zaidi ya alivyokuwa akisalimia, lakini hilo hatukulizungumza.

Mara ya mwisho nilimwona Kilole, Korogwe mjini. Nilikwenda kwenye msiba, nikaelekezwa kwa binti yake. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, miguu imevimba, redio mapajani. Alinitambua kwa sauti.

"Mama mkunga! Bado unatembea?"

"Natembea. Na wewe bado unakaa?"

"Ndiyo kazi niliyobakiwa nayo."

Alinipa habari moja moja, kwa taabu, pumzi ikimkatika. Dereva alikwishakufa. Mwenyekiti alikwishakufa. Gari lilikatwa vipande na wanunuzi wa vyuma. Halafu akatazama kama kuna mtu karibu, akashusha sauti.

"Mjukuu wangu, mtoto wa huyu binti. Akiwa shuleni aliambiwa achore jani. Akalipaka rangi nyekundu, mwalimu akamchapa. Sasa yuko kwenye karakana ya pikipiki. Anazipenda nyaya, mama. Anazipenda kama mimi."

"Anajua?"

"Anajua anachekwa. Hajui kwamba macho hayo ameyatoa kwangu."

"Mwambie. Mfundishe mafundo."

"Siku hizi mkonge hauko mikononi mwa watu. Kuna nailoni."

"Fundo ni fundo, Fundi."

Redio ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo. Aliizima.

"Ile shule yako ya ukunga. Ningeweza kusimama siku ile nikasema."

"Ungeweza."

Nadhani alitaka nimwambie kwamba haikuwa kitu. Ilikuwa kitu, na sikumwambia kinyume chake. Nilimwekea mkono begani, nikakaa naye mpaka jua lilipoiacha baraza. Nilipoinuka alinishika khanga.

"Nikishakufa, sema. Usibaki na jina la ushirikina kwa ajili yangu. Ila jina la mtoto huyu usilitaje."

Alikufa kabla ya mfungo uliofuata. Sikuwahi kwenye mazishi. Magoti yangu hayaendi tena haraka ya mazishi.

Basi, mjukuu wangu, nimesema. Wale ambao ningetaka wanisikie wamekwishalala, na waliobaki hawakumbuki kama palikuwa na gari. Hata hivyo andika, kwa kuwa yeye ndiye aliyetaka. Shika kwamba mafundo yalikuwa ya Fundi, na kwamba yalikuwa ya kazi. Shika kwamba sikupelekwa kusoma mara mbili, mara ya kwanza na baba yangu na mara ya pili na kinywa changu mwenyewe, na ya pili siijutii ingawa inaniuma. Jina la Fundi usiliandike, hata ukiulizwa na mwalimu wako. Karakana ya yule kijana nimekuelekeza; usiitaje ilipo. Pikipiki yako ikikatika ghafla ukiwa Korogwe, mpelekee yeye. Na akikuita kando akakuonyesha waya, akuulize una rangi gani, msomee, kisha unyamaze.